Ukuta wenye kupakwa rangi



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na maneno ya watoto wenye kuchelewa kusoma. Mtusamehe, yatangoja. Tangu mvua za mwezi wa kwanza kikundi chetu kina shauri moja tu, ni ukuta wa mwenzetu wa Katuba, na kila mama mwenye kutukuta njiani anauliza: sasa nani atalipa? Tumekwenda kuuliza kwa wenye kujua sheria, tumesoma karatasi, tumekaa na majirani. Leo tunawapa tuliyoyapata.

Kwanza habari yenyewe. Mwenzetu huyu, tutamwita hivyo tu, anauza makala kwenye kona ya avenu yake, na bwana yake ni dereva. Miaka sita walipanga nyumba ya watu, na miaka sita hiyo hakukosa zamu yake ya likelemba hata mara moja, hata wakati mtoto wake wa tatu alipolala hospitalini. Mwezi wa nane wakapata lupango: vyumba vitatu na sebule, manjanja mapya, choo cha nje, na ukuta wa kuzunguka wenye kupakwa rangi nyeupe mpaka chini. Komisioneri aliwaambia kwamba ukuta ule peke yake ni mali, kwamba kuna watu wanakaa miaka kumi katika nyumba bila kupata nguvu ya kumaliza ukuta. Sisi wenyewe tulikwenda kupiga vigelegele siku ya kuingia. Tuliegemea ukuta ule tukipigwa picha.

Mwezi wa kwanza, baada ya usiku wa pili wa mvua bila kukatika, ukuta ulianguka upande wa jirani. Jirani anapikia pale, chini ya kibanda. Ilikuwa saa kumi na mbili ya asubuhi, na msichana wake wa miaka kumi na moja alikuwa anawasha mbabula apashe maji ya kuoga kabla ya kwenda masomo. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Tulipofika tuliangalia ndani ya ule ukuta. Hakukuwa tofali hata moja lenye kuchomwa. Yote yalikuwa matofali ya udongo mbichi, ya kukaushwa juani, juu yake simenti nyembamba kama ganda la yai, na juu ya simenti rangi. Maji yaliingia kwa chini, udongo ukarudi kuwa udongo. Watoto wetu darasani wanaijua methali ya usipoziba ufa kwa kichwa, wanaiandika hata bila kosa. Hapa ufa ulizibwa vizuri sana. Ulizibwa kwa rangi.

Mama wa mtoto hakupiga kelele. Alisema tu: "Mama, ukuta ni wenu." Mwenzetu akajibu: "Mama, sisi tuna miezi mitano tu hapa." Wote wawili walisema kweli, na yote tunayoandika leo yako katikati ya hizo sentensi mbili.

Tulimpeleka mwenzetu kwa ofisi ya mashauri ya bure ya maavoka, ile ambayo baraza lao linaweka kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Wamama wengi hawajui kwamba iko. Tulidhani avoka ataanza na muuzaji. Hapana, alianza na mtoto.

Sheria ya mapatano na madeni yenye kutumika katika nchi yetu ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Hatukukosea mwaka. Ni ya wakati wa mfalme Leopold, imezidi kwa umri mji wetu wenyewe ulioanza mwaka 1910. Kifungu chake cha 258 kinasema kwamba mtu mwenye kuleta hasara kwa mwingine kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Hicho hata mtu ambaye hakusoma anakijua moyoni. Lakini kiko kingine, cha 262, na hicho ndicho kilitushangaza: mwenye jengo anajibu juu ya hasara inayoletwa na kubomoka kwa jengo lake, kama limebomoka kwa sababu halikutunzwa, ao kwa sababu lilijengwa vibaya. Angalieni vizuri. Sheria haiulizi nani alijenga vibaya. Inauliza jengo ni la nani leo.

Kwa hiyo mama wa mtoto alisema haki yake. Kuwa mgeni wa miezi mitano hakumwondolei mwenzetu deni lile, hata kama yeye mwenyewe alidanganywa. Tukaona hiyo ni ngumu. Avoka alituuliza swali moja: je, mtoto amtafute nani? Azunguke Lubumbashi nzima na mguu wake kumtafuta mtu aliyeuza na kuhama? Mwenye ukuta ndiye anaonekana, ndiye analipa kwanza, halafu yeye ndiye ageuke kumfuata aliyemuuzia. Tulipoifikiria usiku tukakubali. Kama mtoto angekuwa wetu, tungetaka hivyohivyo.

Hospitali ilikula dola 380. Mwenzetu alitoa feza yote ya kununulia makala, sanduku la kikundi likaongeza, na kwa majuma matatu kona yake ilikuwa tupu. Mtu anayeuza rejareja anajua maana ya hayo: wateja hawangoji, wanahamia kona nyingine na hawarudi wote.

Sasa muuzaji. Kifungu cha 318 cha dekreti ileile kinasema kwamba muuzaji anajibu juu ya makosa yenye kufichika ya kitu alichouza, kama makosa hayo yanafanya kitu kisifae kwa kazi yake, ao yanapunguza faida yake sana, kiasi kwamba mnunuzi kama angejua asingenunua, ao angetoa bei ndogo. Karatasi zetu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo kumbukeni jina lake huko: vices cachés. Neno zito ni hilo la kufichika. Kosa lenye kuonekana kwa macho, muuzaji hajibu. Dirisha bila kioo, mlango wenye kuoza, manjanja yenye matundu: ulikuja, uliona, ulinunua. Lakini ukuta wa udongo wenye kuvalishwa simenti, nani atauona? Mtu hawezi kuvunja ukuta wa watu kabla ya kuununua.

Mnunuzi aliyekuta kosa la namna hiyo ana njia mbili. Anaweza kurudisha nyumba na kurudishiwa feza yake, ao anaweza kubaki na nyumba na kurudishiwa sehemu ya bei. Hayo yote hata kama muuzaji mwenyewe hakujua. Lakini kama alijua na akanyamaza, anaongezwa mzigo: analipa na hasara iliyotoka katika lile kosa. Ndiyo kusema hata feza ya hospitali ya mtoto inaweza kuingia katika hesabu yake.

Wamama, hapa ndipo mtu anatoa karatasi. Muuzaji wa mwenzetu alipopigiwa simu hakubisha juu ya udongo. Alisema: "Mama, nyumba uliiona. Soma mulichosaini." Na kweli, mstari uko pale, kama uko katika karatasi nyingi za kuuza nyumba hapa kwetu: nyumba inauzwa katika hali yake ya sasa, mnunuzi ameiona na ameikubali. Bwana wa mwenzetu aliposikia hivyo alikata tamaa, akasema tuache. Avoka akacheka kidogo. Mstari ule una nguvu kwa muuzaji ambaye hakujua kitu. Kwa yule aliyejua na akaficha, haumlindi. Mtu hawezi kudanganya kwa mkono mmoja na kusaini ulinzi wake kwa mkono mwingine.

Basi kazi yote ikawa kuonyesha kwamba alijua. Na aliyeonyesha ni nani? Mama wa mtoto. Yeye amekaa pale miaka kumi na mbili. Alisema ukuta uleule ulikwisha kuanguka mvua za miaka miwili nyuma, usiku, bila kuumiza mtu, na papa yule aliusimamisha tena kwa juma moja na vijana wawili, kwa udongo uleule uliokuwa chini, halafu akaita mtu wa simenti na mtu wa rangi. Shefu wa kartye naye alikumbuka, kwa sababu alikuja kutenganisha ugomvi juu ya udongo uliobaki katika lupango ya jirani. Jambo ambalo mwenzetu angelipata bure mwezi wa nane, kwa kukaa robo saa na jirani wake na kuuliza, alilipata mwezi wa kwanza.

Tulijilaumu pia sisi. Siku ile ya vigelegele hatukupiga hodi hata kwa jirani mmoja.

Avoka aliandika barua. Aliharakisha, kwa sababu sheria haitoi hesabu ya miaka katika shauri hili, inasema tu muda mfupi, na hakimu ndiye anapima kama ulichelewa. Mama mwenye kugundua kosa mwezi wa kwanza na kungoja kiangazi ili "aone kwanza" anajiharibia. Piga picha siku ileile, ita shefu wa kartye aandike alichoona, halafu peleka barua na ubaki na nakala yenye kusainiwa kwamba imepokelewa. Papa yule alikuja kwa shefu, akasaini kwamba atalipa mara tatu. Ya kwanza alileta. Ya pili alileta nusu. Ya tatu tunaingoja, na avoka amesema ikifika mwisho wa mwezi huu bila kitu, shauri linapanda kwa tribinali. Hatujui tribinali itachukua muda gani, na mwenzetu ana hofu nayo kuliko alivyokuwa na hofu ya mvua.

Kuna mambo mawili madogo avoka aliongeza. Nyumba yenye kuuzwa kwa mnada wa tribinali haina ulinzi huu wa makosa ya kufichika, kwa hiyo ile bei ndogo ya mnada ina sababu yake. Na kama ni nyumba mpya uliyojengewa kwa mapatano na mjenzi, mjenzi anajibu miaka kumi kama inabomoka kwa kosa la kujenga, hata kwa kosa la udongo wa chini. Lakini mjenzi awe mtu wa kupatikana. Kijana wa kupita njiani uliyemlipa kwa siku, bila karatasi, utamwita kwa jina gani?

Tulizungumza haya yote katika mkutano, na mkutano ukageuka. Mmoja wetu, mama mzima mwenye kuheshimiwa, alisimama akasema: "Munamsema yule papa. Mimi nauza nyumba yangu nihamie kwa watoto wangu Likasi. Chini ya jiko langu kuna shimo la choo cha zamani, tulilifukia tukajenga juu. Niseme? Nikisema, nani atanunua?" Hakuna aliyemjibu haraka. Wengi wetu tunakaa katika malupango ambayo yamechimbwa vyoo vitatu, vinne, kila kimoja kikijaa kinafukiwa, halafu mtoto anaoa, anajengewa chumba, na chumba kinakaa juu ya shimo. Kila familia ina kitu chake chini ya sakafu.

Jibu letu kwa yule mama, na tunaliandika hapa kwa sababu wengine wanangoja kulisikia: aseme, na aandike. Siyo tu kwa ajili ya Mungu, ingawa Mungu yuko. Kosa lililosemwa na kuandikwa katika karatasi ya kuuza si kosa la kufichika tena. Mnunuzi alilijua, akapunguza bei, akasaini. Miaka miwili baadaye sakafu ikishuka, yule mama atalala usingizi wake Likasi. Akinyamaza, atapata labda dola mia tano zaidi leo, na kila mvua atakuwa anangoja simu. Yeye alisema bado anawaza. Tunamheshimu kwa kuuliza mbele ya watu.

Kwa wenye kununua, tuseme yale ya hapa kwetu, kwa sababu vitabu vya nchi nyingine havijui Lubumbashi. Wengi wananunua kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, wakati njia ni kavu na feza imekusanyika. Kiangazi kila nyumba ni nzuri. Kama unaweza, nenda kuangalia mvua ikinyesha, ao siku ya pili yake. Kama ni lazima kununua kiangazi, tafuta alama ya maji: mstari wa rangi nyingine chini ya ukuta, nyuma ya kabati, nyuma ya choo, mahali ambapo rangi mpya haikufika vizuri. Rangi mpya ya chumba kimoja tu kati ya vitatu inasema kitu. Gonga ukuta kwa ufunguo na usikilize. Omba kukwaruza kidogo kwenye pembe. Mtu mwenye ukuta wa matofali ya kuchomwa hatakataa.

Uliza juu ya vichuguu. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, mafundi wetu wanaupenda toka zamani. Lakini kujenga nusu ya nyumba juu ya kichuguu chenye kusawazishwa na nusu nyingine juu ya udongo wa kawaida, hapo ndipo ufa unazaliwa, kwa sababu udongo ule wa kunata unavimba ukilowa na unajikunja ukikauka, na upande mwingine haufanyi hivyo. Jirani mzee anakumbuka kichuguu kilikuwa wapi. Muuzaji anasahau.

Kwa wenye kutafuta lupango upande ambao moshi wa shimini kubwa ulikuwa unapelekwa na upepo, kule kaskazini-magharibi ya kiwanda, kuna neno zaidi. Shaba ilianza kuyeyushwa pale mwaka 1911, na watafiti wa Université de Lubumbashi walikuta katika udongo wa upande ule shaba, risasi na madini mengine. Penga Penga kuna mahali ambapo hata majani yalikataa kuota. Hakuna muuzaji atakayekuambia hayo, na labda naye hayajui. Nyumba inaweza kuwa imara kabisa. Lakini mama mwenye kupanda lengalenga nyuma ya nyumba na kuacha mtoto acheze kwenye udongo anunue akijua.

Madeni ya maji na ya umeme: omba fakture za mwisho za REGIDESO na za SNEL, usiridhike na kuona bomba linatoka maji. Na hati: ardhi ni ya serikali kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, sisi tuna haki ya kuitumia tu, na haki hiyo inasimama kwa sertifika ya uandikishaji kutoka kwa konservateri. Karatasi ya kartye ni mwanzo, si mwisho. Hilo tuliliandika mwaka jana, hatutarudia. Tuseme tu kwamba kodi ya familia, yenye kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, iliondoa ile ruhusa ya bwana ambayo mke alipaswa kuomba ili asaini. Na nyumba ya bwana na bibi inauzwa kwa mapatano ya wote wawili. Ukiona papa anauza na mama wa nyumba hatoki jikoni kukusalimu, omba kumwona.

Tumebakiza asiransi, na hii ndiyo ilitugawanya.

Wamama wengi wakisikia neno asiransi wanaona gari na polisi wa barabarani. Ni haki yao. Toka 1966 kulikuwa kampuni moja tu, SONAS ya serikali, na mtu wa kawaida alilipa ili apite kizuizi. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa makampuni mengine na kuweka mamlaka ya kuyaangalia yote, yenye kuitwa ARCA. Toka 2019 makampuni ya watu binafsi yamepewa ruhusa ya kufanya kazi. Hata kabla ya hapo sheria ya nchi ilikuwa inahesabu kati ya asiransi za lazima ile ya moto, ya kulipa jirani kama moto umetoka kwako. Nani kati yetu anayo? Tuliuliza katika mkutano wa wamama thelathini na wawili. Mkono mmoja, na ni mama mwenye bwana anayefanya kazi benki.

Asiransi yenye kuhusu ukuta wetu ni ile ya kulipa watu wengine kwa hasara inayotoka katika nyumba yako. Kwenye karatasi inaandikwa responsabilité civile, na mara nyingi inafungwa pamoja na moto na wizi katika karatasi moja ya nyumba. Usikubali kusaini bila kuuliza kama ile sehemu iko ndani na mpaka kiasi gani. Kama mwenzetu angekuwa nayo, zile dola 380 zingetoka kwa kampuni, makala yangebaki kwenye kona, na kampuni ikishalipa ingeweza kumgeukia papa muuzaji na maavoka wake yenyewe. Mtu mwenye kukataa simu ya mwanamke anayeuza makala hakatai kirahisi barua ya kampuni.

Lakini tusidanganyane. Asiransi hiyo haijengi ukuta wako upya. Hailipi mwenzetu kwa kudanganywa. Hilo ni shauri lake na muuzaji. Na kampuni itakuuliza maswali kabla ya kuandika: kuta za nini, nyumba ya mwaka gani, imewahi kubomoka? Ukijua na ukasema hapana, siku ya shida watatoa jibu lako na kukataa kulipa, na sheria itakuwa upande wao. Yaani kunyamaza kulekule tunakomlaumu muuzaji, kampuni nayo inakulaumu wewe.

Wengine walisema: feza ya asiransi ni feza ya kutupa, mwaka unapita bila kitu, haurudishiwi. Likelemba inarudi. Tunaelewa. Sisi pia mshahara wetu wa mwalimu hauna nafasi ya kutupa. Lakini likelemba ina zamu, na ukuta haukungoja zamu ya mwenzetu. Maoni yetu, na ni maoni tu: kwa mama mwenye biashara ndogo, asiransi ya kulipa jirani inapaswa kuja mbele ya ile ya televizioni na viti. Viti vikiibiwa tunakaa kwenye mkeka. Mguu wa mtoto wa watu unakula biashara yote kwa siku moja. Mama wawili wamekubali kwenda kuuliza bei kwa makampuni matatu, nyumba ndogo ya matofali, ukuta, watu saba ndani, na kuleta majibu kwa maandishi. Tukiyapata tutayachapa hapa, kampuni kwa kampuni.

Msichana ametolewa plasta. Yuko mwaka wa tano, anakwenda masomo na fimbo, mwalimu wake anamwacha aingie akichelewa. Mwenzetu ameanza ukuta tena, safari hii kwa matofali ya kuchomwa. Safu sita mpaka leo. Maji ya kuchanganya simenti anachotewa na mama wa mtoto, kwa sababu bomba liko upande wake.

Jumamosi hii, saa nane, mahali petu pa kawaida, avoka amekubali kukaa nasi muda wa saa mbili. Kila mama mwenye karatasi ya kununua ao ya kuuza aje nayo, hata kama ni ya zamani, hata kama imechanika. Leteni pia biki na daftari. Kiti kila mtu aje na chake.